Mkalimani wa Mke Wangu

Mimi na mke wangu tulitaka kazi ile ile. Tulipokuwa wachumba tuliizungumzia kuliko tulivyozungumzia mahari. Wote wawili tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na alama zetu za baiolojia na kemia zilikuwa za kutosha, na wote wawili tulitaka kuwa matabibu, wale wanaompokea mgonjwa kwanza kwenye zahanati za vijijini, ambao huku kwetu Karagwe watu huwaita madaktari bila kuuliza walisoma miaka mingapi. Tuliomba chuo cha serikali, hakuna aliyechaguliwa. Basi tukaoana. Tukajenga nyumba ndogo ndani ya kibanja cha wazazi wangu huko Kiruruma, yeye akawa anapalilia migomba na mama yangu, mimi nikawa nabeba kahawa kwa baiskeli kupeleka mjini Kayanga.

Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Rwanda kabla sijazaliwa. Nyumbani tulisema Kinyarwanda, na majirani tulisema nao Kinyambo. Mke wangu alikuwa Mnyambo wa Bugene. Kinyarwanda chetu alikijua kwa salamu na majina ya vyakula tu. Nalitaja hili kwa sababu baadaye lilikuja kunipa kazi ambayo sikuitaka.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa tisini, serikali ilipokuwa imeanza tena kuwaruhusu watu binafsi kufungua hospitali na shule. Nje kidogo ya Bugene, katika jengo lililokuwa ghala la kahawa, bwana mmoja aliyewahi kufanya kazi hospitalini akafungua chuo cha matabibu. Alipaka kuta rangi nyeupe, akaning'iniza bango, akaanza kupita makanisani kutangaza. Alikuwa na sauti nzuri, na alipoongea ulijiona tayari umevaa koti jeupe.

Tulikwenda kukiangalia pamoja. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, akatembea polepole kutoka darasa hadi darasa, mkono kiunoni. Kulikuwa na madawati mapya, picha kubwa ya mwili wa binadamu ukutani, na kabati la vitabu vichache. Mkuu wa chuo alituonyesha yote kwa furaha. Mke wangu akamuuliza, "Shikamoo mwalimu. Na hospitali yenu iko wapi?"

"Marahaba. Hospitali ya nini, binti?"

"Ya wanafunzi kujifunzia wagonjwa."

"Inakuja," akasema. "Na usajili uko njiani. Kila kitu kizuri huanza kidogo."

Tulipotoka nje mke wangu akaniambia atasubiri kuomba tena chuo cha serikali. Nikamwambia anaogopa kwa sababu ya mimba. Akasema, "Siogopi. Nimeuliza hospitali nikajibiwa inakuja. Itatoka wapi?" Nikacheka. Mimi nikajiandikisha wiki ile ile.

Kwa mwaka mmoja nilikuwa mtu wa kuonewa wivu, na nilijua. Nilipita njia ya sokoni nikiwa na koti jeupe mkononi, halijakunjwa vizuri kwa makusudi, ili watu walione. Wazee walioshika mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, waliniamkia "Daktari" wakati hata homa sikuwa nimeisoma. Mke wangu alikuwa nyumbani akinyonyesha. Jioni nilimsomea majina ya mifupa kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, naye alirudia kwa sauti ndogo huku akimlaza mtoto begani. Aliyashika upesi kuliko mimi. Sikumsifu hata mara moja.

Kisha akachaguliwa. Alikuwa ameomba tena bila kunieleza sana, na habari ikaja kupitia ofisi ya elimu pale Kayanga kwamba ameitwa chuo cha matabibu cha serikali, mbali, upande wa pili wa ziwa, safari ya basi na meli. Mtoto alikuwa ameshaachishwa ziwa. Mama yangu akapiga kigelegele cha kwao hadi majirani wakaja. Aliinuka, akamshika mkwe wake mashavu kwa mikono miwili. Nilisimama mlangoni nikikumbuka kwamba siku niliyoanza chuo changu mama alisema tu, "Vizuri," akaendelea kumenya ndizi.

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi. Alilia kwa ajili ya mtoto. Mimi nilikuwa natazama sanduku lake. Chuo kilikuwa kimewaandikia vitu vya kuja navyo: sare mbili, viatu vyeusi, saa yenye mshale wa sekunde. Chuo changu hakikuwahi kunidai saa. Nikamwambia aende asichelewe, ingawa basi lilikuwa bado linapakia.

Barua zake zilikuja kila mwezi, nami nikawa nazisoma kama mtu anayekagua jirani yake amevuna magunia mangapi. Aliandika kwamba wamepelekwa wodini wiki ya tatu. Aliandika kwamba amemshika mtoto anayezaliwa, mkunga mkufunzi akiwa ameweka mikono yake juu ya yake. Aliandika kwamba kabla ya kumchoma mtu sindano wamechoma machungwa, halafu wakachomana wao kwa wao, halafu wakawachoma wagonjwa huku mwalimu amesimama pembeni, na ukikosea anakushika kiwiko kabla hujagusa ngozi.

Sisi tulichoma mgomba. Tulitoka nyuma ya ghala, kila mmoja akasimama mbele ya mgomba wake, tukachoma shina tukiimba hesabu. Shina la mgomba ni laini, linapokea sindano popote. Nilipomjibu mke wangu nilimwandikia kwamba na sisi mafunzo ya vitendo yanaendelea vizuri sana.

Katika mwaka wangu wa pili walikuja wakaguzi kutoka wizarani, mwanamke na mwanamume, na gari lililojaa vumbi. Walizunguka ghala lile kwa muda mfupi. Waliuliza walimu wangapi wamesajiliwa kama waganga. Alikuwepo mmoja, naye alikuja Alhamisi tu. Wakauliza tunajifunzia wagonjwa wapi. Yule mwanamke akanigeukia mimi kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Wewe umeshapokea wajawazito wangapi wakijifungua?"

"Bado, mama."

"Umemsikiliza mtoto mwenye kichomi kwenye mapafu?"

"Tumesoma, mama."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi. Walipoondoka, mkuu wa chuo alituita akatuambia tusiwe na wasiwasi, usajili uko njiani. Akaendelea kufundisha. Siamini alikuwa mwizi. Nadhani alitaka chuo kama sisi tulivyotaka koti, akaanza na koti.

Tulimaliza. Tukapewa vyeti vyenye muhuri mwekundu, baba akachinja mbuzi, na miezi miwili baadaye ghala likafungwa kwa amri. Nilichukua cheti changu nikaenda kwenye ofisi ya mganga mkuu wa wilaya kuomba kazi. Yule mzee alinikaribisha kiti, akakisoma cheti chote, pamoja na maneno ya Kilatini yaliyoandikwa chini.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi sikatai kwamba umesoma. Shida ni kwamba sijui umesoma nini. Chuo hakikutambuliwa, hukufanya mtihani wa wizara, siwezi kukusajili. Nikikuweka zahanati ya Kiruruma, mama wa huko ataniamini mimi kwamba wewe unajua. Nami nitakuwa nimemwambia nini?"

Nikamwambia kwamba mke wangu yuko chuo cha serikali, na vitabu vyetu ni vile vile.

"Basi mshukuru Mungu," akasema. "Nyumba yenu itakuwa na tabibu."

Nilipanda baiskeli nikarudi nyumbani nikiwa nimemchukia mzee yule, na kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri, nimemchukia na mke wangu ambaye alikuwa ng'ambo ya ziwa akisoma kwa taa.

Mwaka ule wakimbizi wakamiminika kutoka Rwanda. Vilima vya Karagwe ambavyo tulichungia mbuzi vilifunikwa na mahema ya plastiki ya buluu. Mashirika ya kigeni yakafungua hospitali za mahema, yakawa yanatafuta watu wa afya. Nikasema, sasa. Nani mwingine alikuwa na utabibu na Kinyarwanda kinywani? Nilivaa shati jeupe nikapanga foleni. Karani, kijana Mtanzania kama mimi, alikitazama cheti changu akaniuliza namba ya usajili. Nikamweleza. Akatikisa kichwa.

"Lakini Kinyarwanda unakijua?"

"Ni lugha ya mama yangu."

"Ukalimani tunaweza kukupa leo hii."

Nikaupokea. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mgonjwa na daktari mzungu, mwanamke mrefu mwenye uso uliochomwa na jua, nikageuza maneno ya huyu kwenda kwa yule. Mara nyingi nilijua dawa atakayoandika kabla hajaiandika, na kila nilipopatia nilijisikia mkubwa, kisha nikakumbuka kalamu iko mkononi mwake.

Mke wangu alimaliza chuo. Alifanya mtihani wa wizara akafaulu, akasajiliwa, akarudi Kiruruma akiwa amenenepa kidogo, na kipimo cha kusikilizia moyo shingoni. Mtoto alimkimbia, akajificha nyuma yangu. Naungama kwamba lilinipendeza. Lakini ndani ya wiki moja mtoto alikuwa analala naye, na mama yangu, aliyekuwa na maumivu ya goti ambayo mimi nilikuwa nimemwambia ni baridi, akanyoosha mguu wake mbele ya mkwe wake.

"Niangalie hili goti, mwanangu."

"Mama, mimi si nilikuangalia?" nikamuuliza.

"Wewe uliliangalia," akasema mama. "Yeye alitazame."

Ilipofika mwisho wa mwezi mke wangu alikuwa ameajiriwa katika hospitali ile ile ya kambini. Daktari mzungu alimkagua namba ya usajili, akampa mkono, akampa hema la watoto. Halafu akanigeukia mimi na kusema hema la watoto linahitaji mkalimani, na itakuwa rahisi kwa kuwa sisi ni watu wa nyumba moja. Alidhani anatufanyia hisani.

Hivyo kila asubuhi tuliondoka pamoja kwa baiskeli moja, mke wangu nyuma, begi lake mapajani. Tulipoingia langoni mwa kambi yeye alipokea "Mwaramutse, muganga" kutoka pande zote, nami nikamtafsiria kwamba wanamwamkia na kumwita daktari, ingawa neno hilo alilijua tangu siku ya pili. Aliketi mezani. Mimi niliketi kwenye kiti cha plastiki. Mama wa mgonjwa alisema na mimi, mimi nikasema na mke wangu, mke wangu akasema na mimi, mimi nikasema na mama yule. Kila neno la ugonjwa lilipita kinywani mwangu na halikukaa. Alipocheka na tabibu mwingine wa kiume kuhusu jambo la chuoni kwao, kwa maneno ya mkato waliyoyazoea wodini, niliyaelewa yote, na hakuna aliyenigeukia kuona kama nimecheka. Yule kijana alikuwa na adabu, hakunikosea lolote. Nilimchukia hata hivyo. Nilimwona akimwazima mke wangu kalamu, nikakaa na kalamu ile moyoni hadi jioni.

"Una nini?" mke wangu aliniuliza njiani.

"Sina kitu."

"Baba, una kitu." Aliniita Baba, kama wake wa kwetu wanavyokatisha jina la mtoto. "Ni ukalimani?"

"Ukalimani ni kazi kama kazi nyingine."

Nami niliendesha kwa nguvu kwenye kilima ili asiweze kuongea.

Siku moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, aliingia mama mmoja kijana amembeba mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu. Alimtua chini ili atembee. Mtoto alipiga hatua, na mguu wake wa kulia ukaburuta. Unyayo ulining'inia kama kitambaa kilicholowa. Daktari mzungu alikuwa anapita, akasimama, akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda ni polio. Mke wangu akasema, "Ngoja kidogo," akaniambia nimuulize mama, mguu ulianza lini, na siku hiyo kulitokea nini.

Nikauliza. Mama akajibu kwamba mtoto alikuwa na homa kali na alikuwa anatembea vizuri kabisa. Alimtoa kambini akampeleka duka la dawa karibu na soko, kwa daktari wa pale. Daktari akamchoma sindano ya kwinini kwenye tako. Mtoto alilia sana, akakataa kusimama jioni ile ile, na tangu hapo mguu haujarudi.

Nilijua duka lile. Lilikuwa la mwenzangu tuliyesoma naye kwenye ghala, tuliyeketi naye dawati moja, ambaye baada ya chuo kufungwa alifungua duka, akatundika cheti chake ukutani. Mke wangu alikuwa ananitazama, kalamu hewani. Ingekuwa rahisi kutafsiri homa na mguu na kuacha duka. Yule mama asingejua, na mke wangu asingejua.

Nikatafsiri yote, pamoja na duka na mahali lilipo.

Mke wangu alimlaza mtoto kifudifudi, akamgusa taratibu, akapata alama ndogo ya sindano iliyokuwa imeanza kupotea. Ilikuwa katikati ya tako, kwa chini. Akamwambia daktari mzungu, "Si polio. Sindano imegusa mshipa wa fahamu." Yule mzungu akainama akatazama, akaguna, akamwambia kwamba ameona vizuri. Nami, Mungu anisamehe, nikiwa nimeshika mkono wa mama aliyekuwa analia, nilisikia sifa ile ikinipita na wivu ukanipanda. Nilikuwa nimesoma habari za mshipa ule. Jina lake nililijua. Ulikuwepo kwenye picha ya ukutani, umechorwa kwa wino wa njano.

Mchana tulipotoka kula, tulikaa nyuma ya hema juu ya magogo. Mke wangu alikuwa hajafungua ndizi zake.

"Wewe ungemchoma wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Yule mtoto. Kama angeletwa kwako."

Nilikuwa tayari kukasirika. Nikainuka, nikageuka, nikaweka kidole kwenye tako langu kwa uhakika wa mtu aliyefaulu. Akanyanyuka, akanishika mkono, akaupandisha juu na kuusogeza nje, karibu na nyonga, mahali ambapo sikuwahi kufikiria.

"Hapa," akasema. "Na kwa mtoto mdogo tunaacha kabisa tako, tunachoma paja. Pale ulipoweka wewe ndipo alipochomwa yeye."

"Mshipa naujua," nikasema. "Nimeusoma."

"Najua umeusoma. Nani alikuonyesha unapopita?"

"Hakuna. Tulichoma migomba."

Hakucheka. Laiti angecheka, ningepata pa kumkasirikia. Alisema, "Mimi wiki ya kwanza niliweka hapo hapo pako. Mwalimu akanishika kiwiko. Ndiyo tofauti yetu, Baba. Mimi nilikuwa na mtu wa kunishika." Kisha akafungua ndizi zake akaanza kula, nami nikabaki nimesimama na mkono wangu nyongani.

Jioni nilikwenda kwa mwenzangu dukani. Nilimkuta anapanga chupa. Nilimweleza habari ya mtoto. Alishika meza.

"Nilifanya kama tulivyofundishwa," akasema.

"Najua."

"Wewe ungefanya nini?"

"Ningefanya vile vile."

Akanitazama. "Na mkeo ameshanisema?"

Nikamwambia ndiyo, ameshamwarifu daktari wa kambi. Aligeuka akaanza tena kupanga chupa zile zile. Watu wa afya ya wilaya walikuja wakafunga duka, wakachukua dawa za sindano. Mwenzangu alirudi kwao Igurwa akalima kahawa, na kwa miaka kadhaa tulipokutana gulioni alinisalimia akiangalia baiskeli yangu. Yule mtoto alitengenezewa kibao cha kushikilia unyayo, na mke wangu akamfundisha mama namna ya kuunyoosha mguu kila siku, mimi nikitafsiri. Baada ya miezi alikuwa anatembea kwa kuchechemea. Halafu kambi zilifungwa, watu wakarudishwa kwao, na sikujua tena habari zake.

Kambi zilipofungwa, walimu wa mke wangu walimtaka arudi kufanya kazi katika hospitali ya chuo chao. Tuliongea siku nyingi. Nilimwambia sitaki kumfuata kama mzigo. Akasema, "Basi njoo kama mwanafunzi."

Niliomba. Kwenye usaili niliwaonyesha cheti changu chenye muhuri mwekundu, nikauliza kama wanaweza kunipunguzia angalau mwaka mmoja. Mwalimu mkuu alinijibu kwa upole, "Tungependa. Lakini tutahamisha nini? Hakuna aliyepima ulichojifunza." Nikaanza mwaka wa kwanza, darasa zima la vijana waliokuwa wakiniita "mzee," mimi mwenye mtoto aliyeshaanza shule ya msingi.

Nilidhani wivu ungeisha hapo. Ulizidi. Wodi ya watoto ilikuwa ya mke wangu. Siku ya zamu yetu ya kwanza alikuja na koti lililopigwa pasi, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelipiga pasi asubuhi, akasimama miguuni pa kitanda. Wanafunzi tukajipanga. Akaninyooshea kidole.

"Tuelezee mgonjwa."

Nikajikohoza. Ilibidi niseme neno lile mbele ya watu wote. "Daktari," nikasema, "mgonjwa ni mtoto wa kike wa miaka miwili, ameletwa kwa homa na kukohoa."

"Anapumua mara ngapi kwa dakika?"

Nilikuwa nimehesabu nusu dakika nikazidisha. Nikamtajia.

"Ulihesabu dakika nzima?"

"Hapana, daktari."

"Rudia."

Nikarudia. Alisimama pale akiangalia saa yake, nami nikiangalia kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka, mkono wangu umekaa juu ya shuka. Hesabu ilitoka tofauti, na kwa tofauti ile dawa nayo ingebadilika. Akamgeukia kijana mwingine akamuuliza swali, kijana akajibu vizuri, akamwambia, "Safi sana." Mimi hakuniambia safi.

Nyumbani, katika chumba chetu cha kupanga nyuma ya hospitali, sikula.

"Umenisema mbele ya watoto wadogo," nikamwambia.

"Nilimsema mwanafunzi."

"Yule kijana ulimwambia safi."

Aliweka sahani chini. "Wewe unataka safi yangu au unataka yule mtoto apone?"

"Nataka vyote viwili," nikasema.

Akanitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka hadi mtoto wetu akatoka kitandani kuuliza kuna nini. Nami nilijaribu kubaki nimenuna, sikuweza. Nilikula ndizi zilizopoa. Kesho yake nilihesabu dakika nzima kwa kila kitanda, pamoja na watoto ambao si wa zamu yangu.

Ilinichukua miaka mitatu. Nilishikwa kiwiko mara nyingi, mara mbili na mke wangu mwenyewe. Nilipokea wajawazito, nikasikiliza mapafu yenye kichomi hadi nikaweza kuyatambua bila kufikiri. Nilifanya mtihani wa wizara nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikafaulu, nikasajiliwa. Waliponipanga zahanati ya huku huku Karagwe, yule mganga mkuu wa wilaya alikuwa ameshastaafu. Nilitaka sana anione. Niliuliza anakaa wapi, nikaambiwa amehamia kwa mwanawe mjini.

Mwaka niliporipoti zahanati, mke wangu, tuliyerudi naye Kiruruma, alichaguliwa kwenda kusomea udaktari msaidizi, ngazi ya juu yetu sisi. Nilimfungia sanduku mwenyewe kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli nikaisukuma hadi kituoni, yeye akitembea kando. Alikuwa anaongea habari za mtoto na mahindi yaliyobaki darini, nami najibu kwa neno moja moja.

"Umenuna," akasema.

"Nimenuna."

"Kwa sababu naenda, au kwa sababu naenda mimi?"

"Yote."

Basi likaja, utingo akapandisha sanduku juu ya paa. Mke wangu alipanda, akafungua dirisha, akatoa kichwa.

"Basi mwakani uombe na wewe," akasema.

Nikamwambia nimeshaanza kuuliza.